Wati Arobaini

Ligola alisema: nunua la dukani.
Kariakoo yamepangwa kama mikate,
lina rimoti, lina taa za bluu,
ukiliwasha linakukaribisha.
Ndiyo maana nikakataa.
Sitaki kitu kinachonisalimia kabla hatujajuana.

Nilianza na maiti: stabilaiza ya friji ya Bi Hadia,
iliyoungua siku umeme uliporudi na hasira zake.
Nikaitoa transfoma, nzito kama kichwa cha ng'ombe,
nikaufumua waya wake wa shaba,
nikausuka upya kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko,
mia na kumi, mia na kumi na moja —
"Baba, mama anataka hela ya mkaa."
Nikatoa. Nikarudi. Hesabu imepotea.
Nikafumua, nikaanza moja.
Mara ya pili akapita muuza dagaa.
Mara ya tatu nikafunga mlango, nikahesabu kwa sauti,
jasho likidondokea shaba,
hata majirani wakadhani nimeanza uradi.

Transista nne, za kutoka Mtaa wa Aggrey.
Jozi ya kwanza ilipasuka kama bisi.
Nikazirudisha kwenye kiganja, bado zinanuka.
Muuzaji akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani:
mali ikiuzwa hairudishwi.
Nikanunua nyingine, kwake huyohuyo.

Mbavu za kupozea ni fremu ya dirisha la alumini.
Sanduku ni mninga, masalia ya kochi
la bwana harusi wa Keko aliyeghairi.
Kitufe cha sauti nimeking'oa kwenye kifuniko cha sufuria;
hadi leo Zamda hufunua wali kwa kitambaa,
na kila akifunua hunitazama.
Mbele ya spika nimewamba kanga yake iliyochakaa.
Mkasi ulipita katikati ya jina,
yamebaki maneno haya tu: ASIYEPENDA NA AZI—

Usiku wa kuwasha sikuuamini mkono wangu.
Nikaweka balbu ya wati sitini njiani,
ikae mlangoni kama mlinzi:
ikiwaka sana, kuna kosa ndani.
Ikawaka. Moyo ukasimama.
Ikafifia, ikafifia, ikawa uzi mwekundu,
kisha kama macho ya mtu anayesinzia.
Alhamdulillahi.

Lakini likavuma.
Mmmmmm, siku tatu, mchana na usiku,
sauti ileile ya mashine ya nguzoni,
kama jiji zima limehamia kwenye sanduku langu.
Nilibadilisha kapasita. Nikabadilisha waya.
Nilimbadilishia Zamda hata mahali pa friji.
Siku ya nne, alfajiri, tochi mdomoni, nikaona:
ardhi zilikuwa mbili,
kila moja inadai ndiyo ardhi,
kama kiwanja cha Mbagala kilichouzwa mara mbili.
Nikaziita zote kwenye skrubu moja,
nikakaza.

Kimya.
Si kimya cha kitu kilichozimwa;
kimya cha mtu aliye chumbani na hajasema.

Nikaunganisha redio. Saa ya matangazo ya vifo.
Mtangazaji yule tunayemsikia tangu sijaoa,
ambaye kwenye redio ndogo ya jikoni
alikuwa maneno tu, kama maandishi ya gazeti,
leo alivuta pumzi.
Niliisikia ikiingia.
Nikasikia karatasi ikigeuzwa,
kiti kikilia chini yake,
halafu jina la marehemu,
halafu, kabla ya majina ya watoto na wakwe,
kitu kidogo puani, kama mlango uliovimba kwa mvua.

Zamda akasimama, mwiko mkononi.
"Kumbe ana mafua," akasema.

Nikashika kitufe cha sufuria,
nikapunguza kidogo,
asafishe koo.